Rozi moja bob 150: venye bei ya Valentine hupangwa kabla hujatoka nyumbani

Kila mwaka Februari ikigonga tarehe 10 hivi naanza kuitwa mwizi. Si kwa ubaya, ni ile lugha ya Nairobi mtu akitaka kupunguziwa, "aki siz, wiki jana hii kitu ilikuwa 50, leo 150, kwani mnazimwagilia soda?" Mimi hucheka tu naendelea kutoa miiba. Lakini swali lenyewe ni la maana na watu wengi hujijibu haraka haraka, ati wauza maua wana tamaa, basi. Tamaa iko, sikatai, nitaifikia. Ila hiyo tamaa ni kipande kidogo sana cha hiyo 150.

Niko kwa hii biashara tangu nimalize shule. Nilianzia kwa anti yangu aliyekuwa na meza ya maua mjini, upande wa Muindi Mbingu Street karibu na City Market, kazi yangu ilikuwa kuosha ndoo, kutoa miiba na kutumwa karatasi za kufungia, saa hii niko na kibanda changu Ngong Road. Na kitu nimeona mwaka baada ya mwaka ni kwamba bei ya Valentine haipangwi Valentine. Ukifika kwangu jioni ya tarehe 14 na shati lako limepigwa pasi, hiyo bei unanung'unikia iliamuliwa kitambo, nusu yake iliamuliwa Disemba ukiwa ocha unakula nyama.

Aliyenieleza mambo ya Disemba ni broka wetu, mzee mmoja alifanya kazi kwa grinhausi Naivasha kabla aanze kuleta maua Nairobi na pikapu. Alikuwa anapakua huku anaongea, na ukimuuliza kitu kimoja anakupa vitano. Rozi si sukuma wiki ati ukiona soko limechangamka unapanda mistari mingine miwili. Mti wa rozi ukishawekwa chini unakaa miaka, unakatwa, unachipuka, unakatwa tena. Kutoka siku tawi linakatwa mpaka chipukizi jipya litoe ua la kuvuna, kwa hewa ya Naivasha ni kama wiki saba mpaka tisa, na sehemu za baridi zaidi kama Timau inapita hapo kwa sababu ua hukua polepole, ndio maana za huko huwa na kichwa kikubwa hivi mpaka mteja anauliza kama ni rozi kweli. Sasa shamba likitaka nyekundu ziive mwisho wa Januari linahesabu wiki kurudi nyuma, linakata matawi Disemba, alafu linaachia jua na Mungu. Mawingu yakikaa Januari, maua yanachelewa, na rozi nyekundu ya kufunguka tarehe 16 Februari haina mwenyewe. Jua likiwaka sana zinakuja mapema, zinawekwa koldrumu, lakini ua linazeeka hata ukiliweka kwa baridi, linazeeka tu polepole.

Alafu kuna mambo ya rangi, na hapa ndipo kila mtu hupasahau. Mwaka mzima watu hununua maua ya rangi zote. Harusi wanataka nyeupe, krimu, pinki iliyofifia. Mazishi nyeupe. Mgonjwa hospitali unampelekea zile za njano na machungwa zimechanganywa. Nyekundu inauzika, ndio, lakini ni rangi moja kati ya nyingi. Inafika siku moja ya Februari na dunia nzima, London, Berlin, Amsterdam, Nairobi, Kisumu, wote wanataka nyekundu, siku hiyo hiyo, na si kesho yake. Mwenye shamba hawezi akajaza grinhausi zake nyekundu kwa sababu ya hiyo siku, juu miti ni ile ile mwaka mzima na ikifika Juni, Julai, Agosti, Wazungu wako na maua ya bustani zao wenyewe na wengine wako likizo, soko linalala. Atauzia nani? Kwa hivyo anaweka nyekundu za kiasi, na hicho kiasi ndicho tunakimbizana nacho sisi wote. Siku zingine hizo rangi zingine zinasaidia, ukikosa hii unachukua ile. Valentine hakuna ile. Nimewahi kumwonyesha jamaa rozi za pichi, maridadi kabisa, zimefunguka robo, akaniangalia kama nimemtukana. "Madam, nikipeleka hiyo ataniuliza inamaanisha nini."

Na hapa Nairobi hatuli meza ya kwanza. Hii inauma kidogo ukifikiria, maua yanakuzwa Naivasha, kama kilomita 90 kutoka hapa, lakini yanakuzwa kwa ajili ya mtu wa mbali. Kenya iko kwa nchi kubwa kabisa duniani za kuuza maua nje, na mengi yanaenda Ulaya, mengine moja kwa moja kwa supamaketi, mengine kwa mnada wa Aalsmeer kule Uholanzi. Huo mnada nilielezwa na huyo mzee nikadhani ananipima akili. Bei inaanzia juu, kuna saa inashuka, inashuka, na wa kwanza kubonyeza ndiye amechukua. Hakuna kupandishiana vile tumezoea. Ukingoja sana upate bei nzuri, mwenzako anabonyeza na wewe umebaki mikono mitupu. Sasa fikiria Februari, kila mnunuzi pale ana oda za nyekundu na anajua akikosa leo hakuna kesho, nani atangoja saa ishuke? Wanabonyeza ikiwa bado juu. Woga wa kukosa ndio unaweka bei, na huo woga unafika mpaka Ngong Road.

Unafika hivi. Maua mengi sisi huuza ni rijekti. Si matusi, ndio jina la kazi. Ni rozi iliyokataliwa kwenda nje juu shina ni fupi, ama shingo imepinda kidogo, ama petali ya nje imechubuka, ama imefunguka zaidi ya vile wanataka. Kwa chombo chako cha maji pale sebuleni hutaona tofauti. Wiki za kawaida mashamba hukataa nyingi, broka anazoa, sisi tunapata kwa bei ya huruma. Lakini kuanzia mwisho wa Januari mnunuzi wa Ulaya akikosa nyekundu ndefu anakubali fupi, akikosa iliyonyooka kabisa anakubali iliyoinama kidogo. Kila rozi inayopita huko ni moja imetoka kwa ndoo yangu. Yaani wakati wateja wangu wanaongezeka ndio mzigo wangu unapungua, vitu viwili kwa wakati mmoja, na hapo hata kama ungekuwa mtakatifu bei itapanda.

Ongeza ndege. Maua ya kwenda Ulaya yanatoka hapa uwanja wa ndege wa JKIA usiku na mchana, na Februari nafasi ya mizigo inagombaniwa, nauli ya kilo inapanda. Utasema hiyo inahusu nini rozi ya Ngong Road ambayo haipandi ndege. Inahusu hivi, mwenye shamba akishaona anaweza kuuza kule kwa bei nzuri hata baada ya kulipa hiyo nauli, kwa nini aniuzie mimi kwa bei ya Novemba? Na vibarua wa kuvuna na kufunga wanaongezwa, watu wanafanya kazi mpaka usiku, hiyo pia iko ndani.

Kile kitu kilinionyesha hii hesabu bila mtu kunielezea ni siku ndege zilikosa. Aprili 2010 mlima wa volkano ulilipuka Iceland, majivu yakafunga anga ya Ulaya karibu wiki nzima, na huku Naivasha maua yakatupwa kwa tani. Machi 2020 corona ikafanya hivyo tena, mashamba yakarudisha wafanyakazi nyumbani, na hapa mjini tukaanza kuona rozi za mashina marefu ambazo huwa hatuzioni na macho, zile za kwenda nje kabisa, zinauzwa bei ya kutupa na bado hakuna mtu wa kununua juu nani anapelekea nani maua na kafyu iko. Ua lilikuwa lile lile. Jasho lililotumika ni lile lile. Kilichokosa ni mtu anayelihitaji siku hiyo. Tangu hapo sijawahi kubishana na mtu ati rozi "inafaa" kuwa pesa ngapi.

Wacha nikupeleke asubuhi ya tarehe 13, juu hapo ndipo pesa yangu huingia hatarini. Mzee wa pikapu anafika bado giza, saa kumi na moja haijafika. Mafungu yamefungwa na gazeti, rozi ishirini kwa fungu, yamelazwa kwa ndoo. Siku ya kawaida ananiambia "chagua mama maua". Tarehe 13 hakuna kuchagua, kuna wengine watano wamesimama nyuma yangu na tochi za simu. Mimi hufanya vitu viwili haraka, nabonyeza kichwa na kidole gumba, kikiwa laini kama kimejaa hewa hilo ua ni la juzi, alafu naangalia shingo chini ya kichwa, ikianza kulegea itainama kesho mchana mbele ya mteja. Karatasi ya gazeti ikiwa imelowa sana pia najua zimelala hapo, lakini mwenye amenisimamia nyuma haangalii gazeti, anataka tu mzigo, so unachukua. Fungu ambalo Oktoba nilikuwa nalinunua 250, hapo ni 800 na hakuna maneno mengi, ukisema "mzee nipunguzie" anamwangalia yule wa nyuma.

Piga hesabu na mimi. Oktoba rozi moja imenikalisha bob 12 na kitu, nikauza 50. Februari imenikalisha 40, nikauza 150. Ukiangalia vizuri, mara nne ya Oktoba inakuwa hata chini ya mara nne Februari. Na hapo sijaweka karatasi za kufungia na riboni kutoka Kamukunji, ambazo nazo zinapanda hiyo wiki, wala vijana wawili wa kunisaidia kutoa miiba, wala boda wa kupeleka oda ambaye tarehe 14 haongei na mtu chini ya mia tatu.

Lakini hesabu kubwa si hiyo. Hesabu kubwa ni tarehe 15. Novemba nikibaki na rozi thelathini, nakata mashina kidogo, nabadilisha maji, nauza kesho, kesho kutwa nachanganya kwa bukei ya bei ya chini. Februari 15 hakuna kesho. Nyekundu iliyobaki mtu hataki hata bure, anakuangalia kama unampa chakula cha jana. Kwa hivyo nikiamua niagize mafungu mangapi naamua nikiwa kipofu, nikichukua machache nafukuza wateja saa kumi na mbili jioni, nikichukua mengi natupa. Yule ananunua 150 analipia rozi yake na kipande cha ile itatupwa. Hakuna mfanyabiashara atakuambia hivyo mdomo wazi lakini ndio ukweli.

Na ile tamaa niliahidi? Iko hapa. Nikiona foleni imefika mpaka kwa mama wa mayai boilo, naongeza, sidanganyi. Najua yule jamaa ameshamwambia mtu "nakuja saa mbili", hawezi rudi mikono mitupu, na mimi ndiye wa mwisho kabla ya steji. Angekuwa Machi angeenda kwa jirani yangu. Tarehe 14 jirani yangu pia ana foleni.

Kitu wengi hawajui ni kwamba siku yenyewe bei haikai mahali pamoja. Asubuhi ni oda za ofisi, hizo zililipwa kitambo, bodaboda wamejipanga, bukei zinaenda Upper Hill, Westlands, na hapo hakuna mtu anauliza bei juu anayelipa hayuko hapo, na enyewe maua ya ofisi nusu yake ni ya kuonwa na wafanyakazi wenzake mpokeaji. Mchana panatulia. Kuanzia saa kumi na moja wanakuja wanaume kwa wingi, wote kwa pamoja kama wametoka mkutano mmoja, na hapo ndipo bei iko juu kabisa. Ikifika saa mbili kasoro vijana wa kuuza kwa trafiki, wale wamefunga rozi moja moja na nailoni, wanaanza kushuka. Mia. Themanini. Nikisikia hivyo nami nashuka, ni lazima. Saa tatu usiku rozi ya 150 unaipata 50 na unaongezewa moja. Kuna mteja wangu dereva teksi amejua hiyo siri, anakuja saa tatu kila mwaka, anacheka, "mathe leo umebakisha ngapi?" Mke wake anajua anafunga kazi usiku, hakuna shida. Wewe ukiwa umepanga dinner saa moja huna hiyo nafasi, na hiyo nafasi huna ndio unalipia.

Siku ya wiki pia inaamua. 2025 iliangukia Ijumaa, watu wakatoka ofisi wakaenda moja kwa moja, nikamaliza mzigo mapema. Ikiangukia wikendi ofisi zimefungwa, zile oda za kuonekana na wenzako zinapotea, hiyo ni hasara kubwa kuliko vile mtu anadhani. 2024 ilikuwa vituko, Valentine ilikutana na Jumatano ya Majivu, nikauzia mzee mmoja rozi kumi na mbili akiwa na msalaba wa majivu kwa paji la uso, akaniambia chokoleti mke wake amekataa juu ya kufunga lakini maua hayajakatazwa. Nilimpunguzia.

Ukitaka kuona kwamba ni rangi na siku ndizo zinafanya haya mambo, linganisha na Mother's Day. Hapa kwetu ni Jumapili ya pili ya Mei, watu wananunua sana, wakitoka kanisani wamebeba watoto. Bei inapanda, lakini kidogo, na nimejiuliza sana kwa nini. Nafikiri ni kwa sababu mama anapelekewa rangi yoyote. Njano sawa, pinki sawa, hata yale maua mchanganyiko yenye majani mengi anafurahi. Kama nyekundu zimeisha hakuna mtu anakasirika. Pia mama ukimpelekea Jumatatu hatakuacha. Sikukuu za Ulaya nazo zinafuatana, ukitoka Valentine kuna tarehe 8 Machi ya wanawake ambayo Urusi na majirani zake wanaipenda sana, alafu Waingereza wana Mother's Day yao mapema kuliko yetu, kwa hivyo usitegemee bei irudi chini mara moja Februari ikiisha. Inashuka kwa vijana wa trafiki, kwa broka inachukua wiki kadhaa.

Siku hizi nimebadilisha venye nauza. Oda za nyekundu nachukua kuanzia Januari katikati kwa WhatsApp, unatuma nusu kwa M-Pesa, na bei nakufungia 100, haipandi hata broka akifanya vituko. Wengine wananiambia nitapata hasara kuuza 100 kitu cha 150. Siipati, juu hiyo rozi najua mwenyewe ni nani, haitalala kwangu tarehe 15, na ile pesa ya kutupa siiweki kwa bei yake. Nikienda kwa pikapu tarehe 13 nachukua mafungu ya oda na mengine machache tu ya juu, sibahatishi sana. Siku hizi pia kuna bukei za noti, vijana wanapenda, ukiniletea pesa zako nakufungia lakini nalipisha kazi, na kusema kweli hizo zimenisaidia juu noti hainyauki.

Oda nafunga tarehe 8. Ukikuja baada ya hapo unapata nyekundu kwa bei ya asubuhi hiyo, hata kama tunajuana. Za njano, pichi na pinki zitakuwa 70, tarehe 14 yenyewe, mchana kutwa, na huwa hazina foleni.